Nilivyomshika meneja mkono katikati ya presentation nikakataa kumwachia

Wakuu, hamjambo. Wa salaam aleikum, salaam aleikum. Wa Bwana asifiwe, asifiwe.

Kila wiki humu kuna mtu anauliza dawa ya woga wa kuongea mbele za watu, na majibu yote ni mbwembwe. Leo natoa yangu. Sijatia chumvi, aibu niliyoipata inatosha.

Mimi ni mtu wa mataulo. Hoteli moja ya ufukweni kule Galu, jina silitaji. Mgeni akitoka kuogelea nampa taulo, namwambia karibu, basi. Kazi nzuri, haina maneno mengi.

Shida ni low season. Wageni wakipungua, watu wa mataulo ndio wa kwanza kuambiwa wakapumzike nyumbani, na mapumziko hayo hayana mshahara. Nina mke, watoto, na mama yangu mzee kule Samburu. Samburu ya Kinango, ya barabara kuu, siyo ile ya kaskazini. Mmenichosha na swali hilo.

Sasa ikatangazwa nafasi kwenye deski la safari, yule anayewaeleza wageni waende kutembea wapi. Hiyo ni kazi ya mwaka mzima. Sharti moja: usimame na slaidi mbele ya mameneja, uuze safari moja.

Nikajaribu kwanza mbele ya wenzangu kantini. Wakuu, sauti ilipotea. Niligeukia ukuta nikawa nazisoma slaidi moja moja. Dada mmoja wa jikoni akauliza, "Kaka, unaongea na sisi ama na ukuta?" Wote wakacheka, nami nikacheka, lakini moyoni niliumia.

Nikaingia mtandaoni. Mtaalamu mmoja anasema, wawazie wasikilizaji wako wakiwa uchi, woga utaisha.

Mtaalamu, mimi ninafanya kazi ufukweni. Wasikilizaji wangu wako nusu uchi tangu asubuhi, na bado ninatetemeka!

Mwingine anasema ufanye mazoezi mbele ya kioo. Nilijitazama. Nikazidi kuogopa.

Nikachukua off nikaenda nyumbani. Shemeji yangu Mwero, kaka wa mke wangu, ni dalali wa mbuzi sokoni Samburu. Nilipomweleza shida yangu alicheka mpaka akakaa chini. Siku ya soko akanikabidhi kamba ya beberu mmoja mkubwa. "Shemeji, muuze huyu. Ukirudi naye nyumbani, utalala naye."

Kwa msiojua: kwenye soko letu, muuzaji na mnunuzi hushikana mikono wakipatana bei. Mkono hauachiwi mpaka mmekubaliana au mmeshindwana kabisa.

Nikasimama pale na beberu wangu, nanong'ona. Mzee mmoja akapita, nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba, mwanangu. Huyu unamuuza, ama umemleta kutembea?"

Mwero akaja mbio. "Shemeji, ukiliambia soko zima, nani atakujibu? Mkamate mtu mmoja! Mshike mkono, umweleze, usimwachie!"

Nikamkimbilia yule mzee, nikamshika. Maneno yakaja, sijui yalikuwa yamekaa wapi. Nilimpa yule beberu sifa ambazo hata mama yake asingezikubali. Akanunuliwa.

Mwero alinishauri pia nipige pombe ya mnazi kidogo asubuhi ya presentation. Ushauri huo niliuacha Samburu.

Siku ikafika. Ukumbi baridi, mameneja wamekaa safu, na mbele kabisa meneja mkuu, Mr. Mutiso. Huyu ni Mkamba aliyezaliwa Msambweni kwenye mashamba ya settlement, yale ya kugawiwa na serikali, mtu asiyecheka. Macho yake yako kwenye simu. Walionitangulia ni wa reception, Kiingereza kinateleza tu.

Nikasema good morning. Basi. Sauti ikakimbia tena. Picha ya Shimba Hills, mbuga niliyochagua kuiuza, iko ukutani, na mimi nimekauka, nawaona watoto wangu wakinitazama narudi nyumbani na begi.

Miguu ikanipeleka yenyewe. Nilishuka mpaka kwa Mutiso nikamnyooshea mkono. Akaupokea kwa adabu, akidhani ni salamu.

Nikaushika.

"Boss, wewe ni mgeni, umechoka kulala juani. Mimi nina safari yako."

Akauvuta kidogo. Sikuuachia, wakuu. Kichwa changu kilishaamua hapa ni sokoni. Nikamweleza tembo, nikamweleza maporomoko ya maji na ubaridi wa kule juu asubuhi. Nikamuuliza anapenda nini, akajibu, nikamwongezea. Watu walianza kwa kucheka, baadaye wakanyamaza wakasikiliza. Slaidi ya pili haikuonekana mpaka mwisho.

"Sawa, sawa bana, nimenunua," Mutiso akasema. "Sasa nirudishie mkono."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Na kazi nikapata.

Nikatembea Galu nzima kifua mbele. Kila aliyekaa karibu nami alisimuliwa nilivyomdhibiti boss mpaka akasalimu amri.

Majuzi Mutiso akapita nyuma yangu nikiwa katikati ya hadithi hiyo. Akangoja wenzangu waondoke.

"Wewe, siku ile ningetoa mkono any time. Lakini ulikuwa unatetemeka mbaya, nikaona nikikuachia utaanguka mbele ya watu. So nikakaa tu."

Nikasema asante, boss. Akaondoka na simu yake.

Wakuu, woga wangu haujaisha. Wageni wapya wakija, macho bado yanautafuta ukuta. Ila nilichojifunza ni kwamba kwenye kila ukumbi yuko mtu mmoja asiyetaka uanguke. Siku hizi humtafuta huyo kwanza, naanza naye. Kwa macho tu, maana HR walishanionya kuhusu mikono.

Haya, wewe ulipokauka mbele za watu, ni nani aliyekushikilia? Tupeni hapo chini. Na wale wa kioo mje pia, nina maswali kwenu.