Shukrani Kabla ya Uponyaji

Wewe, umewahi kumshukuru Mungu kwa kitu ambacho hajakupa, ukitumaini kwamba ataona haya akupe?

Misheck alifanya hivyo. Ulikuwa mwaka wa 2009, mvua ilipokatika na ndengu zikakauka zikiwa na maua. Mkewe, Igoki, alirudi nyumbani Ishiara kutoka hospitalini Embu, alikokuwa akitibiwa kansa iliyokuwa ikimtoa damu. Wiki mbili za kwanza alikula vizuri, hata akatembea hadi zizini. Jumapili Misheck akasimama kanisani na kupaza sauti: "Bwana asifiwe! Mama Runji amepona!" Watu wote walisimama wakapiga makofi. Mchungaji akapanga ibada ya shukrani ifanyike nyumbani kwao, Jumamosi ya mwisho wa mwezi.

Siku ya nne baada ya ushuhuda huo, damu ilirudi.

Misheck hakumwambia mtu. Angeanzia wapi? Walikuwa wamefundishwa kwamba aliyeshukuru kwa imani hageuki nyuma, na yeye ndiye aliyekuwa kiongozi wa sifa. Akajiambia kwamba akiing'ang'ania ile shukrani, Mungu hatakuwa na njia ya kumwaibisha. Kumbe aliyekuwa akiumia ni Igoki. Kabla ya ushuhuda ule, akina mama wa kanisa walimletea uji, wakamtekea maji mtoni na kumfulia. Sasa hawakuja tena. Mtu aliyepona wamjie kufanya nini? Misheck alimfulia mwenyewe kwa siri, kwa maji ya jerikeni moja, akaanika mashuka ndani ya chumba. Chumba kikanuka. Igoki akawa anageukia ukuta kila mumewe alipoingia.

Asubuhi ya ibada, turubai likiwa limeshafungwa uani na mbuzi ameshachinjwa, Igoki alimshika mkono.

"Baba Runji, wataniambia nisimame nicheze."

"Vumilia saa moja tu. Nitakushikilia."

"Na wakishaenda? Utaendelea kunificha kama pombe ya chang'aa?"

Misheck alitoka. Nje, Nelius, mwenyekiti wa akina mama, alikuwa akiwapanga waimbaji.

"Ai, Baba Runji, mbona uso wa matanga? Tuletee bibi harusi tumwone!"

Watu wakacheka. Misheck alijaribu kucheka nao, akashindwa.

"Hajapona," alisema. Waliokuwa karibu tu ndio waliosikia. Akapaza sauti. "Hajapona! Anatoka damu, sasa ni wiki ya tatu. Niliwadanganya. Nilitaka kumshukuru Mungu mapema ili ashindwe kukataa."

Mchungaji alimshika bega. "Ndugu yangu, usikiri kushindwa mbele ya watu."

"Mchungaji, sina shukrani. Nimeitafuta hata ya kujifanya, sina. Nina mke anayekufa humo ndani."

Hakuna aliyeimba. Wengine walikula nyama upesi upesi wakaondoka, wengine waliondoka bila kuonja. Mchungaji aliomba sala fupi, na jina la Igoki halikutajwa. Misheck alibaki uani na sufuria za wali uliopoa. Alijaribu kuomba, lakini hakupata hata neno la kuanzia. Alikuwa amepoteza heshima yake, na maumivu ya mkewe hayakupungua hata kidogo. Aliingia ndani akaketi sakafuni kando ya kitanda. Igoki akamwekea mkono kichwani.

Kesho yake kulipopambazuka, Misheck alisikia maji yakimiminwa nyuma ya nyumba. Alitoka, akamkuta Nelius ameinamia karai, leso kiunoni, mikono imezama katika mashuka ya Igoki. Maji yalikuwa mekundu. Kengele ya ibada ya kwanza ilikuwa ikilia ng'ambo ya soko.

"Mama, leo ni Jumapili," Misheck alisema.

"Kwani damu inajua Jumapili? Ungesema mapema, ningekuja mapema. Usinisimamie hapo kama mlingoti wa stima. Shika huo upande."

Misheck akashika ncha ya shuka. Wakalizungusha, yeye huku, Nelius kule, maji yakiwachuruzikia miguuni.

"Asante," alisema. Sauti ilimtoka ndogo, na machozi yakaifuata.

"Kamua," Nelius alisema.