Kesi Tatu, Behewa Moja

Mtu asiniambie eti bustani ya michezo ni mambo ya watoto. Mimi ni mama mzima, nina binti anayeendesha gari, nafanya kazi kwenye ghala hapa Louisville, na ile bustani nimeililia kama ninavyomlilia ndugu. Iko jimbo la Ohio, huku Marekani, katikati ya mashamba ya mahindi, ina hoteli zake, mabwawa yake ya kuogelea, na yale mavyuma ya kupindua watu kichwa chini miguu juu ambayo sijawahi kuyapanda wala sitayapanda. Jina lake silitaji. Nikilitaja, kuna mtu atakwenda kununua tiketi, na mimi sitaki wapate hata mteja mmoja kwa mdomo wangu.

Sisi ni Warundi, lakini tumekulia kambini Tanzania. Mama yetu alibaki na watoto watatu: mimi kifungua mimba, mdogo wangu wa kike, na kitinda mimba wetu wa kiume. Wakati wa kuletwa Marekani sisi mabinti wawili tulikuwa tumeshaolewa, kwa hiyo kwenye makaratasi ya wakimbizi tulikuwa kesi tatu, kila nyumba na faili lake. Mama alipanda basi la kwanza la kutoka kambini na kitinda mimba wake. Tulimwambia, tangulia Mama, tunakuja nyuma yako. Nyuma yake wapi? Yeye akapelekwa mji wa Buffalo, mdogo wangu Columbus, mimi Louisville, kila mmoja jimbo lake.

Ukiangalia kwenye ramani utasema si mbali. Haya, jaribu basi! Jaribu kupata ruhusa kazini siku moja watu watatu, wenye mabosi watatu, kila mmoja na zamu yake. Miaka ya mwanzo Mama alituona mmoja mmoja. Alikuwa anasali kwa Kirundi na kugomba kwa Kiswahili, na kwenye simu alikuwa anatugombeza: nyie watoto gani, hamkutani?

Aliyetuonyesha bustani ile ni kanisa la mdogo wangu. Walikodi basi kiangazi kimoja, akatuita sote, na kwa mara ya kwanza tangu kambini tukasimama mahali pamoja. Mama hakutazama mavyuma. Alitazama treni. Ilikuwa treni ndogo, nyekundu, yenye mabehewa ya wazi, inazunguka bustani nzima taratibu, na mabenchi yake yanatazamana. Tuliingia sote behewa moja, sisi, waume, wake, watoto, magoti yanagongana, mtoto wa mdogo wangu juu ya paja langu. Mama alikaa katikati. Alitutazama mmoja mmoja, halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa kitenge. Tulizunguka na treni ile mpaka dereva akatuzoea.

Tangu siku hiyo Mama akaipa bustani jina lake mwenyewe: Makutano. Mwaka mzima alikuwa anaisubiri. Alipika maharage na dagaa Buffalo, akafunga sufuria kwa khanga, na tulipofika tulikula kwenye mabanda ya wazi karibu na lango, yalikuwa ya bure, yenye meza na kivuli. Baada ya chakula, treni. Huo ndio ulikuwa ushabiki wetu, na ushabiki ni ushabiki. Wengine wanapenda mpira.

Kisha bustani ikauzwa, wakaja wenyewe wapya. Loo! Sijui walitoka wapi, ila nina hakika hawajawahi kusimama juani na mtoto anayetaka kukojoa. Kwanza waling'oa mabenchi, ili mtu akichoka aingie mgahawani anunue kitu. Halafu wakakata miti ya kivuli, wakatengeneza njia ya haraka kwa wenye kulipa zaidi. Sisi tunaiva juani, wenzetu wanapita pembeni wanatupungia mkono. Halafu wakabomoa mabanda na kukataza chakula cha kutoka nyumbani. Treni ilikuwa na vichwa viwili, wakaacha kimoja kioze nyuma ya uzio ambapo kila mtu anakiona. Ukiuliza, unajibiwa kwa tabasamu. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Nilijiunga na kundi la mashabiki kwenye simu. Wengi ni wazee wa Kizungu, watu wanaojua kila msumari wa treni ile, na nilishangaa kuona tunalalamikia mambo yaleyale. Niliandika kwa Kiingereza changu kilichopinda, na hakuna aliyenicheka. Humo ndimo nilimosoma kwamba kiangazi kile kingekuwa cha mwisho kwa treni. Wanaiondoa, wanajenga chuma kingine cha kupindua watu.

Mwaka huohuo moyo wa Mama ulikuwa umechoka. Miguu ilivimba, ngazi za nyumba yao ya mbao kule West Side, mtaa wao wa Buffalo, alizipanda kwa kupumzika. Nilipomwambia habari za treni, aliniuliza kama nina hakika. Kisha akasema:

"Mwanangu, mimi sidai kitu kingine. Nataka behewa moja, na nyie wote ndani. Baada ya hapo Mungu afanye anavyopenda."

Nilimwahidi. Tulimwahidi wote.

Sasa hao wenyewe wapya walikuwa wameshaondoa foleni ya treni. Zamani unasimama, zamu yako ikifika unapanda. Safari hii ilibidi uombe nafasi mapema kwenye simu, na asubuhi ya siku yenyewe simu ikaamua saa yako na behewa lako. Programu yao iliuliza: familia yako ina watu gani? Andika majina yote. Mimi nikakaa Louisville nikaandika. Mdogo wangu akakaa Columbus akaandika. Kitinda mimba akaandika Buffalo. Na kila mmoja wetu, bila kuambiana, akaandika watu wa nyumba yake tu.

Mtu ambaye hajaishi kambini atatuona wapumbavu. Kambini tulifundishwa kwa woga: ukiulizwa familia, taja wanaolala chini ya paa lako, basi. Ukiongeza dada, ukiongeza mtoto wa kaka, wewe ni mwongo, kesi yako inafungwa, wenzako wanapanda basi na wewe unabaki unalitazama vumbi lake. Tulimjua mama mmoja aliyemwandika mpwa wake yatima, na hakusafiri tena. Aliyeumwa na nyoka akiona jani hushtuka. Miaka yote hii Marekani, uraia tumepata, nyumba tumepanga, lakini mtu akiuliza familia yako ni nani, mkono wenyewe unaandika watu wa chini ya paa.

Siku ilipofika tulikutana langoni. Sufuria la Mama lilirudishwa garini. Sawa. Mama alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, amevaa kitenge cha kanisani, na kila aliyepita alimsalimia. Tukamsukuma mpaka stesheni. Msichana wa pale, kofia kichwani, akakagua simu zetu tatu. Ya kitinda mimba ilikuwa na nafasi saa hiyohiyo, kwa watu wa nyumba yake na Mama. Yangu ilikuwa ya jioni. Ya mdogo wangu ilisema pamejaa, ajaribu siku nyingine.

"Sisi ni familia moja," nilimwambia.

"Hapa mmejiandika familia tatu," akanijibu, kwa upole kabisa. "Mngeandika moja, mngepanda pamoja."

Ningeanzia wapi kumweleza?

Na behewa lilikuwa na nafasi, jamani! Benchi zima tupu, mbele ya macho yetu. Nilimwonyesha kwa kidole. Akasema lile ni la wenye njia ya haraka, wakija. Nikamwambia hawajaja. Akasema wanaweza kuja. Nikaomba nimwone mkubwa wake. Akaja bwana mmoja na redio kiunoni, akatusikiliza, akasikitika na sisi vizuri sana, halafu akasema mfumo haumruhusu. Nilipandwa na hasira, nikamfokea kwa Kiswahili, kwa Kirundi, kwa kila lugha niliyo nayo. Watu wakageuka. Binti yangu akanishika mkono, akanong'ona kwa Kiingereza kwamba watatutoa nje na bibi hatapanda kabisa. Hapo nikarudi nyuma ya kizuizi.

Mama alikuwa anatutazama kwa zamu, mimi na yule bwana.

"Wanasemaje?"

Kitinda mimba wetu akainama. "Wanasema sisi tupande kwanza, Mama. Dada watakuja na treni ya baadaye."

Mama hakuwa mtoto. Alitazama lile benchi tupu, akatutazama sisi wawili nje ya kizuizi, akasema taratibu, "Kumbe hata huku bado tuko kesi tatu."

Alisema hapandi. Ni sisi tuliomsihi. Panda, Mama, ni ya mwisho, usiikose. Tangulia. Nilisikia maneno yanavyotoka kinywani mwangu na nikataka kuyarudisha, lakini alikuwa ameshamshika mwanawe bega, anainuka.

Treni ikaondoka. Mimi na mdogo wangu tulikimbia kando ya uzio, wanawake wazima na viatu vya kanisani, tukafika pale inapopinda. Ilipopita tukamwona. Amekaa katikati ya benchi, wajukuu wawili upande mmoja, na mbele yake ni lile benchi tupu. Alikuwa anatutafuta, lakini alitazama upande wa pili, kwenye maduka. Tukamwita. Tuliita Mama, Mama, na treni ikapiga honi yake, ikapita. Wenye njia ya haraka hawakuja hata mmoja.

Aliposhuka alikuwa amechoka, midomo imekauka. Tulikula maharage kwenye maegesho, tumesimama kati ya magari. Kitinda mimba alitaka waanze safari kabla jua halijazama, kwa sababu ya dawa za Mama. Saa yangu ya treni ilipofika nilikuwa barabarani narudi Louisville, nalia, binti yangu ndiye aliyeshika usukani.

Mashabiki kwenye kundi wanaandika bado. Wanadai kichwa cha treni kipelekwe makumbusho, wanadai uongozi ujiuzulu. Nawaunga mkono, lakini siku hizi nasoma tu. Mimi nilikuwa nadai kitu kimoja, na walikuwa nacho, kilikuwa kitupu pale.

Mama alizidiwa majira ya baridi. Kitinda mimba alipopiga simu, niliondoka kazini na sare, nikampitia mdogo wangu Columbus, tukaelekea kaskazini. Asubuhi, tulipokaribia lile ziwa kubwa la upande wa Buffalo, polisi walikuwa wamefunga barabara kuu. Theluji ya Buffalo haina mzaha. Tuliegesha kwenye kituo cha mafuta pamoja na malori, tukasubiri wafungue. Tulisali. Tulimpigia kitinda mimba mpaka akatuomba tuache, tunamtoa kando ya kitanda.

Kisha akapiga yeye. Mdogo wangu alisikia sauti tu akaanza kupiga kelele, kwa hiyo ni mimi niliyeuliza.

"Alisema chochote?"

"Aliuliza kama mmefika."

"Ukamwambiaje?"

"Samahani, Dada. Nilimwambia mmefika. Nilimwambia wote mpo mlangoni, mnavua viatu."

"Umefanya vizuri," nikasema. "Umefanya vizuri sana. Akasemaje?"

"Akasema, waambie waingie hivyohivyo na viatu."