Folda Imefunguka, Nami Nasema Bado Inagoma

Admin, jina langu lifunike vizuri kama sufuria ya mchuzi, maana Kigoma ni mji mdogo na kitambi changu kinajulikana. Mimi ni mwanaume wa miaka hamsini na mbili, nakaa Ujiji, nina mke na binti mmoja, nitamwita Neema, yuko chuo. Ni fundi wa kompyuta kwenye ofisi moja hapa mjini inayosaidia wakimbizi kutafuta ndugu waliopotezana nao. Fundi ni neno la heshima tu. Siku nyingi nazima mashine na kuiwasha tena, ikiwaka napongezwa.

Mke wangu nilimpata mwaloni Kibirizi akiuza migebuka, samaki wa ziwa letu. Alivuka ziwa kutoka Kongo wakati wa vita, akakaa kambini, kisha akahamia kwa shangazi yake Ujiji. Hakunificha kitu. Aliniambia alikuwa na mume, boti ikazama, yeye akaokolewa, mume hakuonekana tena. Wazee wa kwao walisema haolewi mpaka tanga la marehemu lianuliwe, basi wakakaa, wakaomba, wakapika. Mimi mchumba nilialikwa, nikala wali wa yule bwana sahani mbili. Nilikuwa na njaa, mnisamehe. Baada ya hapo tukafunga ndoa.

Sasa sikilizeni. Picha na maelezo ya wanaotafuta ndugu hutoka kambini na kuwekwa kwenye kompyuta moja yenye Linux, ndani ya folda ambayo kompyuta za mapokezi zinatakiwa kuifungua kupitia mtandao wa ofisi. Hizo za mapokezi ni za Windows. Tangu ziletwe mpya, folda inaonekana jina tu. Ukiibonyeza inaomba nywila, ukiiweka nywila inakataa. Na mapokezi anakaa Dada Zawadi, ambaye anaimba kwaya moja na mke wangu.

"Mzee wa Linux," akaniambia asubuhi ile, "mashine yako leo inafungua au tukuitie mchungaji?"

"Mchungaji mwenyewe yumo mle ndani, kafungiwa," nikamjibu.

Nikakagua nyaya, zilikuwa nzima. Nikafuta nywila ya zamani ambayo Windows ilikuwa imeikariri. Wapi! Ndipo nikakumbuka kitu ambacho hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anakijua: kwenye Linux, nywila ya kuingilia mashine siyo ya kufungulia folda za mtandao, kila moja unaisajili peke yake. Mimi nilisajili ya kwanza, ya pili nikaisahau, nikashinda nailaumu Windows ya watu. Nikaisajili. Folda ikafunguka pale mapokezi, Zawadi akiwa ametoka kunywa chai.

Folda ikifunguka lazima ujaribu faili moja, uone kama inasomeka. Nikabonyeza picha ya juu kabisa.

Ilikuwa picha ya zamani ya studio, nyuma pazia la maua. Mwanaume mwembamba mwenye suruali pana, na kando yake mke wangu, msichana bado, amevaa kitenge, mkono kiunoni, amesimama vilevile anavyosimama hadi leo akisubiri nimalize kudanganya. Chini wameandika maneno ya yule bwana: "Namtafuta mke wangu. Boti yetu ilizama, wavuvi wakaniokota wakanirudisha Kongo." Jina lake lipo, kijiji chao kipo. Mwenye picha amefika kambini mwaka huu. Ni kupita Kidahwe tu, unashika njia ya Kasulu, mchana umeshafika.

Ningependa kuwaambia moyo ulipasuka. Haukupasuka. Mnajua mguu ulioukalia mpaka ukafa ganzi? Ndivyo nilivyokuwa, mwili mzima. Kufuta ile picha ni kubonyeza mara moja, na kidole kilikuwa palepale. Sikufuta, na sijui kwa nini. Nilichofanya ni kurudi kwenye Linux na kuondoa ruhusa niliyotoka kuiweka.

Zawadi akarudi. "Vipi, Mzee?"

"Bado inagoma, dada."

"Hiyo inakuonea kwa sababu umezeeka."

Nikacheka. Nilijisikia nikicheka, kama mtu wa chumba cha pili.

Mchana mke wangu akaleta chakula kama kawaida yake, ugali wa muhogo na migebuka. Akasimama ananitazama.

"Baba Neema, mbona hauli? Samaki amekukosea nini?"

"Kazi tu, mama."

"Kula basi. Ile mashini itakuua bule, na mimi siwezi kuwa mjane mara mbili."

Wakacheka wote wawili, yeye na Zawadi. Mimi nikamaliza sahani. Kama kulikuwa na chumvi, sikuisikia.

Tangu siku hiyo kila anayeniuliza namwambia bado inagoma. Bosi amechoka na mimi, amesema Jumatatu analeta fundi mwingine kutoka Mwanza. Huyo, kama anajua nusu ya kazi, chai itapoa akiwa ameshafungua. Zawadi ataona picha, na mke wangu ataambiwa kwenye mazoezi ya kwaya, mbele za watu.

Huwa namtazama akichambua dagaa uani na sisikii wivu, sisikii hasira. Yule bwana hajanikosea. Mke wangu hajanikosea. Najaribu kutafuta wa kumkasirikia, naishia kumkasirikia Windows.

Ndugu zangu, msiniambie tu nisali. Nimesali, na folda bado nimeifunga. Nimwambie kabla ya Jumatatu? Au nipande kambini kwanza, nimwone yule mtu kwa macho yangu? Na nikimwambia mke wangu, nianze na neno gani? Miaka yote hii nimemwita mke wangu, na huko kambini kuna mtu anamwita hivyohivyo, naye hasemi uongo.