Dole la Mjane wa Kigombe

Tuhfa alikuwa binti wa kupanga bisibisi zake kwa urefu, na hata salamu alizitoa kwa kipimo. Alipohitimu chuo cha ufundi aliajiriwa na kampuni ndogo pale Chumbageni, iliyotengeneza Kibindo, mkoba wa kwenye simu kwa watu wasio na akaunti benki. Kazi yake ilikuwa moja: mkoba usiibiwe.

Aliifanya kwa ukamilifu wa kutisha. Kina mama wa Kigombe, wapiga makumbi ya nazi na wasokota kamba za usumba, nyuzi za makumbi hayo, walikuwa wakiandika namba zao za siri kwa chaki nyuma ya mlango, ambako kila mgeni aliyekaribishwa chai alizisoma. Tuhfa akaiondoa namba ya siri. Badala yake akaweka alama ya dole gumba, na akaufunga mfumo usikubali kitu kingine chochote. Miezi mitatu ikapita, haikuibiwa hata shilingi. Bosi wake, Bryson, akamwahidi ajira ya kudumu mwisho wa mwezi.

Mtu mwingine angekaa akaisubiri barua. Tuhfa alikwenda Kigombe kuhakiki.

"Shikamoo, Bi Mboni," alimwamkia mwenyekiti wa kikundi cha wapiga makumbi.

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kutazama kama tungali hai?"

"Nimekuja kutazama mkoba. Naomba uufungue."

Bi Mboni akacheka. "Mie siuwezi. Twende kwa Samiha."

"Samiha ndiye nani?"

"Mwenye dole."

Samiha alikuwa mjane aliyekuwa bado edani, na mbele yake, juu ya mkeka, zilipangwa simu kumi na tisa. Makumbi hulowekwa miezi kadhaa kwenye tope la bahari, kisha hupigwa kwa gongo. Kazi hiyo hula ncha za vidole mpaka zinakuwa laini kama mgongo wa kijiko. Simu hazikuona alama yoyote kwa kina mama wale. Samiha peke yake, kwa kuwa eda ilimzuia kwenda kazini, ndiye aliyeota alama upya. Kikundi kizima kikasajili dole lake.

"Na wezi?" Tuhfa aliuliza kwa sauti ndogo.

"Waingilie wapi?" Samiha alijibu. "Mwanamume asiye maharimu hakanyagi humu. Hata shemeji yangu huishia barazani."

Ndipo Tuhfa alipotambua kwamba ulinzi aliosifiwa kwa miezi mitatu haukuwa wake hata chembe.

"Eda inakwisha lini?"

"Bado siku tisa. Nikitoka, narudi kwenye makumbi."

Bi Mboni akakohoa. "Tumemsihi akae tu. Tutamlisha, tutamvisha, asiguse kitu."

"Nimefiwa na mume, shoga," Samiha alimkata, "sikufiwa na mikono!"

Akirudi kazini, dole lingefutika, na akiba ya wanawake kumi na tisa ingebaki imefungwa humo. Tuhfa akampigia Bryson, akamweleza yote kwa mpangilio.

"Kuna aliyeibiwa?"

"Hapana."

"Aliyelalamika?"

"Bado."

"Basi usiguse kitu mpaka wafadhili wetu waje kukagua, waondoke. Ukirudisha namba za siri, wizi utarudi, na ile ajira uisahau."

"Nimekuelewa," Tuhfa alijibu kwa adabu. Akakata simu, akafungua kompyuta yake, akairudisha namba ya siri. Kilichobaki ni Samiha kufungua kila simu kwa mara ya mwisho, na kila mwenye simu kuingiza namba yake mpya.

"Anza na yangu," Samiha alisema.

Akafungua kwa dole. Kisha akaitazama simu, akamtazama Bi Mboni, akamtazama Tuhfa.

"Tokeni nje."

"Sisi?" Bi Mboni alishtuka. "Mie niliyekushika mkono siku ya msiba?"

"Nyote wawili. Nafikiri namba."

Wakasimama barazani, mlango ukafungwa kwa komeo.

"Haya ndiyo uliyotuletea," Bi Mboni alinung'unika. "Kufichana."

"Ndiyo, mama," alisema Tuhfa. Ilikuwa imepita robo saa tangu apoteze ajira ya kudumu, na hakukumbuka kuwahi kufukuzwa na mteja akafurahi kiasi hicho. Ndani, Samiha alikuwa bado anafikiri.