Mlango Nilioubomoa Isansa

Mwanangu, siku ninayoikumbuka kuliko zote ni ile niliyobomoa nyumba ya udongo ya mama yangu, kijijini Isansa. Nilikuwa kijana, nimeishia darasa la nne, lakini malori yangu ya mahindi yanavuka mpaka pale Tunduma. Mama nilikuwa nimemjengea nyumba ya tofali na bati. Yeye kila jioni anarudi kulala kwenye ile ya zamani. Nikaona ananidharau, nikaishusha mpaka msingi.

Kesho yake nikamkuta anazunguka kwenye mibuni, kanga imelowa umande.

"Kaka, umeuona mlango wangu?"

"Mimi mwanao. Nyumba yako ile pale, bati lote lile hulioni?"

"Ile ya tajiri mmoja. Watanifukuza."

Nikamfokea, majirani wanasikia. Walisema karogwa, mimi nilisema kiburi. Alizunguka hivyo mpaka akafa, ananiita kaka.

Miaka ikapita. Binti yangu Atupele akapata kazi ng'ambo, maabara ya panya. Nikamcheka kwenye simu: "Panya nimewaua ghalani Mlowo maisha yangu yote, nikakusomesha ukawalishe?"

Hakucheka. Akasema panya wale wamefanywa wapate ugonjwa unaofanana na wa bibi yake, wa kusahau, wanauita Alzheimer. Wanawatia kwenye beseni kubwa la maji lenye kijukwaa cha kusimamia kilichozama. Panya mzima akishajifunza hukiendea moja kwa moja. Mgonjwa huzunguka tu. Wakimpasua, wanakuta ubongo una uvimbe kama wa kidonda.

"Mle ndani kuna chembe ndogo, ndio walinzi, baba, kazi yao kusafisha. Wakichokozwa muda mrefu, wanabomoa nyumba waliyowekwa kuilinda."

Nikauliza: "Panya akipona, na mtu anapona?"

"Mara nyingi bado. Panya siyo bibi. Ila lazima tuanzie mahali."

Nikakata simu, nikasingizia mtandao.

Leo naishi peke yangu kwenye nyumba ile ya bati. Pale palipokuwa na mlango wa mama silimi, napatazama tu.

Basi sikia. Mzazi wako akianza kupotea, usimfokee na usimwondolee kile anachokikumbuka bado. Akikuita kaka, itika. Mshike mkono, mwende anapopajua, hata kama panavuja. Mimi nilijua kujenga. Kukaa naye sikujua.

Mungu akupe uzee wenye mtu wa kukuonyesha mlango, mwanangu, tena bila kukufokea.