Zillah Entwistle na Maneno Yake Mawili

Zillah Entwistle alinifundisha Kiingereza bila kutoa sauti. Nikiwasimulia ndugu zangu wa Tanga wanadhani natia chumvi, lakini aliyewahi kufanya kazi kiwanda cha nguo kule Thornshaw, Uingereza, anajua ninachosema. Mashine za kufuma zilipangwa safu kwa safu chini ya paa la vioo, na zikishawaka zote, mtu akikupigia kelele sikioni humsikii. Kwa hiyo wanawake wa pale walisema kwa midomo. Neno walilifinyanga polepole, wakalinyoosha, wakalionyesha kwa mwenzao aliye mwisho wa chumba, na huyo akacheka au akanuna. Siku niliyoingia humo mara ya kwanza vumbi la pamba lilikuwa linaelea kwenye mwanga kama unga, midomo yote inakwenda, na hakuna neno hata moja. Nilidhani nimelala na ninaota.

Nilikuwa mke wa baharia, mgeni wa baridi, na elimu yangu ni ya darasa la sita. Siionei haya. Sita hizo nilizisoma zikakaa, ndiyo maana mpaka leo naweza kuandika habari za watu bila kumwomba mjukuu. Lakini Kiingereza cha shule kilikuwa cha kusimama na kuitikia. Kiingereza cha kuishi nilipewa na Zillah, ambaye mashine zake zilikuwa mbele ya zangu.

Alikuwa mrefu, mwenye shingo ndefu na kitambaa cha kichwa alichokifunga fundo mbele, na mkasi mdogo uliomning'inia kiunoni. Umri ulikuwa umeshamsogeza karibu na hamsini, lakini akitembea kwenye barabara ya mawe unafikiri kuna mtu anamwangalia kutoka dirishani. Jumapili aliimba kwenye kwaya ya kanisa la mtaa, benchi la mbele, sauti ya pili. Benchi lile lilikuwa fahari yake. Alilizungumzia kama mtu wa kwetu anavyozungumzia shamba lenye hati.

Kilichonisumbua zaidi katika lugha yao ni "bado." Sisi tuna bado moja na inatutosha. Mvua bado inanyesha, mgeni bado hajafika, umekula? Bado. Wao wana mbili, "still" na "yet," na nilikuwa nazichanganya kama chumvi na sukari. Clarice Haworth, aliyekuwa na mashine za pembeni na ulimi usiopumzika, alinicheka mpaka akashika mbavu.

Zillah hakucheka. Alinifundisha siku baada ya siku, mashine zikinguruma katikati yetu. Akinyoosha midomo kidogo, ulimi nyuma ya meno, hiyo ni "still." Hili, alisema, ni la kitu kilichokuwepo na hakijaondoka. Linapenda kukaa katikati ya maneno, karibu na kitendo. Nyumba ya mama yangu, still naishi humo. Kikombe chake, still nakinywea. Kisha alifungua mdomo kama anayeng'ata tufaha, na hiyo ni "yet." Hili ni la kitu kinachongojwa. Linapenda kukaa mwisho kabisa, kama mtu kwenye kizingiti, na halitoki nyumbani ila kwa swali au kwa kukana. Chai iko tayari yet? Kengele haijalia yet.

Nilimwuliza, je, siwezi kukana kwa "still"? Akafikiri, akakata uzi, akanijibu kwamba naweza, lakini hapo litasimama mbele ya kukana na litakuwa na kinyongo. Ukisema kwa "yet" kwamba mtu hajaja, unamwekea chakula. Ukisema kwa "still," umeshachoka kumwekea.

Saa ya chai tulikaa juu ya masanduku ya nyuzi, na huko tulitumia sauti. Clarice aliuma mkate wake akasema, "Ngoja nimpe mgeni mfano mzuri. Walter Pickup still hajamwoa Zillah."

Wanawake wakaangua kicheko. Zillah alipangusa midomo kwa kidole.

"Hajaniuliza yet," alisema. "Sahihisha mfano wako, shoga, usimpotoshe mtoto wa watu."

Hivyo ndivyo nilivyomjua Walter, kwanza kama mfano wa sarufi.

Walter alikuwa mtunza mfereji, ule uliopitisha mashua za mizigo. Alisafisha kingo, akapaka mafuta milango ya maji, akavuta magugu kwa ndoano, na asubuhi za ukungu ulimwona mpaka kiunoni tu, kama mtu anayetembea juu ya wingu. Yeye na Zillah walianza kutembea pamoja Jumapili jioni wote wawili wakiwa vijana. Kwanza walimngoja mama yake Zillah, aliyekuwa mgonjwa na hakutaka kuachwa. Mama akafariki, wakaendelea kutembea. Mjini hapo hilo halikushangaza watu. Uchumba wa miaka na miaka ulikuwepo nyumba nyingi, na wengine walizikwa nao. Walitoka kanisani, wakapita nyuma ya kiwanda, wakashika njia ya mfereji jua likizama, bega kwa bega, Walter na kofia yake na masharubu mazito yaliyomfunika mdomo kama nyasi zinavyofunika kisima.

Walter alizaliwa vijiji vya juu, kwenye nyika ya upepo, na wazee wa kule wana tabia moja iliyonifurahisha. Kwao "yet" inafanya kazi zote mbili. Walikuuliza mama yako yu hai yet, wakimaanisha kama bado yupo. Nilipomsikia Walter akisema mvua inanyesha yet, nikamwambia Zillah kwa midomo, huyu ni mtu wa kwetu, ana bado moja. Alicheka mpaka uzi ukamkatikia.

Sasa niseme jambo ambalo mtu mwingine angelificha. Alasiri moja Zillah alinialika kwake, tukaketi jikoni na kipande cha pai ya viazi. Birika likaanza kupiga filimbi juu ya jiko, nyuma yake. Likapiga, likazidi, mpaka paka akatoka. Zillah aliendelea kunieleza habari za pazia. Hakugeuka mpaka alipoona macho yangu yamekwenda kwenye birika.

"Unapenda kuliachia lichemke," nilisema.

Aliniangalia mdomo, kama kawaida yake, na nikaelewa kwa nini ilikuwa kawaida yake. Mashine zilikuwa zimemla masikio, kama zilivyowala wengi pale. Wengine walisema wazi na kucheka. Yeye hakusema. Kanisani alifuata mkono wa mama aliyeongoza kwaya na midomo ya waliokaa mkabala, na nyimbo zenyewe alizijua tangu utotoni.

"Bibi yule wa kwaya akijua," alisema akiondoa birika, "nitakaa nyuma na wanaokuja kuota moto. Kwa hiyo hujui kitu."

"Sijui kitu," nilimwambia.

Na kweli nilikaa nisijue kitu, mpaka majira ya kiangazi, karibu na juma lile ambalo viwanda vyote vya mji hufungwa kwa pamoja na watu wote wanakwenda baharini. Jioni moja nilimkuta Walter ameketi kwenye boriti ya mlango wa maji, hafanyi kazi. Aliniambia kazi yake inakwisha. Dada yake ana nyumba ya wageni Morecambe, mji wa pwani, anataka mwanamume wa kubeba makaa na kurekebisha mabomba. Ataondoka Jumamosi.

"Na Zillah?" niliuliza.

"Zillah nimemwuliza, dada. Si mara moja." Aliyasema hayo akiangalia maji, na mimi niliyesimama karibu nililazimika kusogea ili nimsikie, maana sauti yake iliishia ndani ya masharubu. "Nasubiri tufike pale penye miti, giza limeshuka kidogo, maana mwangani naona aibu. Namwuliza. Anatabasamu, anaangalia mbele, anatembea. Mara nyingine ananiambia bata wameongezeka. Mtu akijibiwa habari za bata huwa haulizi kila wiki. Sina ugomvi naye. Mwanamke ana njia yake ya kukataa kwa upole."

Giza, miti, masharubu, na mwanamke asiyesikia. Mtu yule alikuwa anauliza ukuta, na ukuta unampenda.

Siri haikuwa yangu. Nilimwambia neno moja tu: "Kaka Walter, kabla hujasafiri, kanyoe masharubu."

"Kwa nini?"

"Baharini kuna upepo."

Aliniangalia kama wazungu wanavyotuangalia tukisema jambo la maana. Nikaenda moja kwa moja kwa Zillah, nikasimama chini ya taa ili anione mdomo vizuri.

"Walter anahamia Morecambe Jumamosi."

"Aliniambia kitu kuhusu Morecambe," alisema polepole. "Nilidhani anazungumzia likizo."

"Amekuuliza, Zillah. Kule kwenye miti. Amekuuliza tena na tena."

Rangi ilimtoka, kisha ikarudi nyingi. "Nani kakutuma usikilize mambo ya watu?"

"Mwambie husikii. Ni maneno mawili tu."

"Nimwambie ili iweje? Ajue alikuwa anatembea na kiziwi, anamchekea tu kama mwanasesere? Na mji mzima ujue kabla ya Jumapili?" Alifungua mlango wa mbele. "Nenda nyumbani, mwanangu. Chai yako inapoa."

Nilikuwa sina chai. Nilikwenda. Nilijua kwamba asiposema kwa kinywa chake mwenyewe, Walter ataondoka na hatarudi kuuliza tena, na Zillah alijua hivyo hivyo. Usiku huo taa yake ya juu haikuzimwa.

Jumamosi mji wote ulikuwa stesheni na masanduku. Sisi wa kiwanda tulikuwa upande huu, tunangoja treni ya Blackpool, watoto na ndoo zao za mchanga, kwaya nzima na bibi wao. Zillah alivaa koti la kijivu na kofia, akasimama wima kama mlingoti. Upande wa pili wa reli, kwenye jukwaa la treni ya kwenda Morecambe, alisimama Walter. Alikuwa amenyoa. Mdomo wake wa juu ulikuwa mweupe, uchi, kama kitu kilichochimbuliwa. Clarice alisema anafanana na yai.

Treni ya mizigo ilikuwa inanguruma kando, hakuna lililosikika. Walter alikuwa amezoea kuzungumza peke yake na mfereji, na katika kelele ile, umbali ule, alidhani yuko peke yake. Alitazama upande wetu akaanza kusema taratibu, kama mtu anayesali. Aliwasahau wafumaji. Jukwaa zima la wanawake waliotumia maisha yao kusoma midomo ng'ambo ya chumba walikuwa wamemkabili, na midomo yake iko wazi kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi.

"Haya basi, Zillah," alisema. "Nilikuuliza nikidhani utanitaka. Hukunitaka, na ni haki yako. Nakupenda yet. Nitaendelea tu, sitakusumbua."

Hakuna aliyecheka. Clarice mwenyewe alishusha macho. Wanawake waligeuza nyuso pembeni mmoja mmoja, kama watu walioingia chumba cha mtu bila kubisha. Lakini Zillah hakugeuka. Alisoma mpaka neno la mwisho. Walter hakujua kusoma midomo, kwa hiyo lugha yetu isingemfaa kitu. Ilibidi sauti.

Alisogea mpaka ukingo wa jukwaa, akafumbua kinywa, akapiga kelele kuishinda treni ya mizigo, kwa ile sauti kubwa isiyojua ukubwa wake, ya mtu asiyejisikia mwenyewe.

"Walter Pickup. Sisikii. Masikio yangu yamekufa, yamekufa zamani. Kule kwenye miti sijasikia hata neno moja. Uliza tena, na uso wako uwe huku."

Bibi wa kwaya alishika mkufu wake. Treni ya Morecambe ikaingia, ikasimama katikati yetu na kutuficha.

Tulingoja. Kupitia dirisha la upande huu na dirisha la upande ule, vioo viwili vyenye mwanga wa asubuhi, tulimwona amesimama, machozi yakimtiririka mpaka kwenye ule mdomo mpya. Abiria walikuwa wanapanda kumpita. Akauliza. Alifungua mdomo kupita kiasi, kila neno peke yake, vibaya kama nilivyokuwa nikifanya mimi mwanzoni, na midomo yake iliyumba kwenye vioo kama inatoka chini ya maji. Lakini ilisomeka.

Zillah alikuwa bado anamwangalia mdomo.

"Mjibu basi, wewe," Clarice alisema kwa midomo. "Treni haina shida zako."

"Ndiyo," Zillah alipaza sauti, na kwa kuwa hakuwa na uhakika kama imetoka, akaipaza tena, mpaka mkuu wa stesheni akachungulia.

Treni ikaondoka. Walter alikuwa amesimama pale pale mikono mitupu, maana sanduku lake alikuwa ameshalitupia ndani kabla hajauliza, na sasa lilikuwa linakwenda kwa dada yake na mashati yote. Alipanda daraja la reli akavuka kuja kwetu, akakaa na sisi kwenye behewa la Blackpool, katikati ya ndoo za watoto na vitafunio vya kwaya. Alikaa mkabala na Zillah, si kando yake, ili aonekane. Hawakusema mengi. Baharini alifika hana hata soksi ya kubadilisha, na juma zima la likizo alivaa sweta la mume wa Clarice, lililomfika nusu ya mikono.