Mitufaha ya Wenyewe, Migomba ya Mama

Siku niliyosafiri kwenda Norwei, mama hakunisindikiza hata hadi barabarani. Alikuwa ameketi kwenye kigoda katikati ya migomba yake, nyuma ya jiko, jembe limelala magotini, akingoja trekta ya kulima. Niliinama kumuaga. Akanishika kichwa kwa mikono miwili, akaniombea maneno machache, kisha akasema, “Nenda, mukhana wanje, binti yangu. Mimi nikiinuka hapa watalima.”

Ilikuwa ile miaka ambayo miwa ilikuwa imewapanda watu kichwani. Ukitoka Lurambi kuelekea kwetu ulikuwa huoni nyumba, unaona mabati tu yakichungulia juu ya majani. Matrekta yalipita yakidondosha miwa barabarani, wanaume walinunua redio, na kanisani suti mpya zilikuwa zinanuka dawa ya nondo safu hadi safu. Baba alikuwa amepanda shamba lote isipokuwa kile kipande cha nyuma ya jiko, chenye migomba, mipera miwili, kunde na mrenda. Sasa alikitaka hicho nacho.

“Ndizi tutanunua sokoni kama watu wengine,” alisema.

“Na watu wote wakipanda miwa,” mama akamjibu, “hiyo ndizi itatoka shamba la nani?”

Baba akaenda kuagiza trekta.

Mimi wakati huo nilikuwa nafundisha upishi na ushonaji katika chuo kidogo cha wanawake mjini, na nilikuwa nimepanga chumba Amalemba. Mwalimu mwenzangu mmoja alikuwa Mnorwei, msichana wa rika langu aliyejifunza Kiswahili kwa kuuliza bei sokoni. Tulikuwa tumezoeana sana. Likizo yake ndefu ilipokaribia aliniambia kwao ni kijiji cha matunda, kwamba wakati wa mavuno mikono haitoshi, na kwamba kanisa lao lingenilipia nauli. “Utachuma, utakula, utapumzika,” alisema. Baba aliposikia alifurahi kupita kiasi. Jumapili alisimama kanisani akatangaza kwamba miwa yake ilikuwa inampeleka binti yake Ulaya. Sikumkosoa. Mama naye, wiki iliyofuata, akahamishia kigoda kwenye migomba.

Basi nilifika Norwei mwili ukiwa mbele na moyo ukiwa nyuma.

Kijiji chenyewe kilikuwa kando ya mkono wa bahari uliojipenyeza ndani kabisa katikati ya milima. Wao huuita fyordi. Maji yalikuwa meusi na yametulia hata ukadhani ni ziwa, mpaka uyaonje chumvi. Milima ilipanda moja kwa moja kutoka majini, na katika ule utepe mwembamba wa ardhi uliobaki chini, watu walikuwa wamebana kila kitu: kanisa jeupe, duka, gati la feri, nyumba za mbao, na mitufaha. Mitufaha ilipandwa hata pale ambapo kwetu ungefunga mbuzi tu. Kulikuwa na miplamu pia, na micheri ambayo ndege walikuwa wameshaimaliza. Mtu yeyote angesema ni pazuri. Nami nilisema, kila nilipoulizwa.

Lakini sikutulia. Jua lilichelewa kuzama, na lilipozama milima ilinikalia kifuani. Kwetu ukisimama uani unaona mbali. Pale macho yalikuwa yanagonga mwamba kila upande. Njia ya kutoka ilikuwa feri peke yake, na bila kukusudia nikaanza kushuka gatini kila ilipokuwa ikiingia. Sikuwa namngoja mtu. Nilisimama tu, mikono kwapani, nikiangalia nani anashuka, halafu nikapanda kilima tena. Watu wa pale hawana maneno mengi. Walinisalimu kwa kutikisa kichwa, na baada ya siku chache wakaacha kushangaa.

“Unatafuta nini kule chini?” mwenzangu aliniuliza.

“Napunga upepo.”

“Hapa juu kuna upepo zaidi.”

Nilimwambia kuhusu mama na trekta. Alinisikiliza vizuri, akasema labda baba ameshabadili nia. Simu kwetu haikuwapo, na barua ingenikuta nimesharudi. Nikawa nafanya kazi ili nisifikiri.

Wazazi wake walikuwa wazee. Baba yake alikuwa mrefu, mgongo umeanza kupinda, mtu wa kucheka kwa macho. Mama yake alikuwa mfupi na mnene, na hakuweza kumpita mtu bila kumwekea kitu mkononi: kipande cha jibini la rangi ya kahawia lenye utamu kama wa sukari nguru, au kikombe cha kahawa, au soksi. Mzee ndiye aliyenionyesha kuchuma. Unalishika tufaha kwa kiganja kizima, unaliinua na kulizungusha kidogo, linakuja lenyewe na kikonyo chake. Mimi nilikuwa navuta kama anayechuma mapera, matawi yanatikisika na mengine yanaanguka.

“Anasema taratibu,” mwenzangu alinitafsiria kutoka ngazi ya pili. “Anasema hayakimbii.”

Siku moja tulikuwa tunakunywa kahawa jikoni, kaka yake mwenzangu akaingia. Yeye aliishi nyumba ya chini na mkewe, na ndiye aliyekuwa akilishika shamba sasa wazee wakichoka. Alikaa, akaanza kuzungumza na baba yake. Walizungumza kwa sauti ya chini, kwa adabu, wakipeana mkate. Mzee alikuwa anakubali kwa kichwa. Lakini nilimwona mama yao akiacha kumimina kahawa katikati ya kikombe.

“Wanagombana?” nikanong’ona.

“Hapana,” mwenzangu akasema. “Wanazungumza tu.”

“Kuhusu nini?”

“Ile miti mikubwa iliyo karibu na nyumba. Imezeeka. Kaka anataka kuikata apande ile mifupi ya kisasa, kwa mistari. Inazaa haraka na huhitaji ngazi ndefu.”

“Mama yako anasemaje?”

Alimtazama mama yake kama anayemwona sasa hivi. “Hajaulizwa,” akasema.

Sikuelewa neno hata moja la lugha yao, lakini mazungumzo yale niliyajua. Niliyaacha kwetu.

Kesho yake tukiwa tunachuma upande wa juu, tulisikia msumeno wa petroli ukinguruma karibu na nyumba, kisha ukanyamaza ghafla. Tulishuka mbio. Kaka alikuwa amesimama chini ya mtufaha mkubwa kuliko yote, msumeno mkononi, ameinua uso. Juu ya mti, mama yake alikuwa ameketi kwenye panda, aproni yake ya jikoni imenasa kwenye tawi, na miguu yenye viatu vya mpira inaning’inia. Alikuwa amepanda kwa ngazi, na ngazi ameisukuma chini kwa mguu.

Hakulia wala hakufoka. Mwanawe alimwambia maneno mawili matatu. Yeye akaangalia fyordi. Mzee akatoka, akaangalia, akarudi ndani. Mwenzangu alikuwa mwekundu mpaka shingoni. Mvua ikaanza, ile mvua yao nyembamba isiyo na haraka ya kuisha.

Sijui ni nini kilinisukuma. Nilichukua koti lililokuwa likining’inia mlangoni, nikasimamisha ngazi, nikapanda. Mama yule hakunifukuza. Alisogea kidogo nipate pa kukaa. Nikamfunika mabega kwa koti, na kwa sababu nilikuwa nimechoka kutafsiriwa, nikasema naye kwa Kiluhya. Nilimwambia kwamba nami nina mama, na kwamba nilimwacha ameketi katikati ya migomba akingoja trekta, nami nikapanda ndege. Nilisema mengi. Yeye alinijibu kwa lugha yake, sentensi ndefu, akilipapasa gome la mti kwa dole gumba. Sitajua kamwe alisema nini. Ila mahali fulani katikati alinishika mkono, akaubana, na sote wawili tukakaa tukilowa.

Kaka alisimama pale chini muda mrefu, halafu akaweka msumeno begani akaondoka. Mzee akatoka tena akiwa na kikombe, akasimama chini ya mti, akasema neno fupi.

“Anasema kahawa inapoa,” mwenzangu akatafsiri.

Mama akashuka.

Mti haukukatwa wiki ile. Mimi nilikuwa nimeshaamua. Nilimwambia mwenzangu nataka kurudi nyumbani kabla ya mavuno kwisha.

“Umetuchoka?”

“Hapana. Lakini mkono wangu unachuma hapa na macho yangu yako kwingine. Nitawavunjia matawi.”

Ilimuumiza, nililiona hilo, lakini alinisaidia kubadili tiketi. Mama yake alinisindikiza mpaka gatini, akaniwekea mkononi mfuko wa vipande vya matufaha yaliyokaushwa. Feri ilipoondoka hakunipungia mkono. Alisimama tu akitazama hadi tulipopinda mlima.

Nyumbani nilikuta kipande cha nyuma ya jiko kimekuwa udongo mwekundu wenye mistari, na miche ya miwa imeanza kuchungulia. Baba alikuwa ameketi mlangoni anakula mkate wa dukani kwa soda.

“Mama yuko wapi?”

“Amekwenda Likuyani kwa khotsa wako. Kutembea.”

Khotsa ni ndugu yake mama. Alikuwa amepata shamba katika yale yaliyokuwa ya wazungu, akawa mkulima wa mahindi. “Tangu lini?” nikauliza.

Baba alitafuna mkate kwanza. “Amekaakaa,” akasema.

Sikulala pale. Nilifika Likuyani nikamkuta mama shambani na wifi zake, wanavunja mahindi. Alikuwa ameng’aa kuliko mimi. Alinitazama juu hadi chini.

“Huko wanakulanga nini? Umekonda.”

“Viazi. Samaki. Matunda mengi.”

“Na obusuma?”

“Hakuna ugali.”

“Pole yao.”

Jioni, tukipukuchua, nilimsimulia juu ya yule mama aliyepanda mti. Alicheka mpaka gunzi likamtoka mkononi. Kisha akauliza, “Na mumewe alifanya nini?”

“Alimletea kahawa, akasimama chini.”

Mama aliokota gunzi lake. “Baba yako siku ile ya trekta alijifanya ana mkutano kanisani. Aliniacha na dereva wa trekta, kijana wa watu. Kijana hakunigusa. Alizima mashine akakaa kwenye nyasi, akaniambia, ‘Mama, nikirudi bila kulima watanifuta kazi.’ Nikaona nitamponza bure. Nikaondoka.”

“Utarudi?”

“Njia ya Likuyani baba yako anaijua.”

Nilipeleka maneno hayo kama yalivyo. Baba aliyasikiliza akitazama miwa yake. Hakwenda. Miwa ilipanda ikafika magotini, ikafika kifuani, na yeye akazidi kuwa mwembamba ndani ya suti yake ya Jumapili. Kila mwisho wa wiki nilikuwa njiani, mara kwake, mara kwa mama, nikibeba salamu ambazo hakuna aliyezituma. Mwenzangu naye alirudi kazini, akanieleza kwamba ule mti ulikuwa umekatwa wakati mama yake yuko hospitalini kwa matibabu ya macho. Mama huyo alipofika nyumbani alisimama dirishani, akaomba mapazia yafungwe. Sikuweza kumwambia mama yangu habari hiyo.

Lakini mwishowe baba alikwenda. Hakuniambia. Nilisikia kwa khotsa kwamba alitokea asubuhi akiwa na shati la kazi, akaomba jembe, akalima palizi ya maharagwe pamoja na wengine bila kusema kilichomleta. Alikula walichokula. Alikaa mpaka kazi ikaisha, kisha wakarudi wote wawili, mama akitembea mbele.

Miwa ya nyuma ya jiko ilibidi ingojewe ikomae, maana kiwanda cha sukari kilikuwa kimeshaiandikisha kuinunua. Ilipokatwa, baba alisema hataki ichipue tena. Mashina ya miwa ni sugu. Unang’oa leo, keshokutwa yamechipua pembeni. Niliwakuta Jumamosi moja wanachimba, mama upande huu na baba upande ule, kila mmoja akiuliza kama mwenzake ameona lile jembe dogo. Nikavua viatu nikashika sululu. Saa sita mama alinituma niende kwa jirani kuomba machipukizi ya migomba, na jirani akasema hana, alishapanda miwa. Nikaenda kwa wa pili, naye vivyo hivyo. Nikaendelea na njia.